Jinsi ya Kununua na Kufufua Amplifaya ya Gitaa ya Valvu ya Zamani Bila Kuiunguza

Malalamiko yanayonifikia kuhusu amplifaya za valvu (zile zinazokuza sauti kwa taa za kioo badala ya transista) yanafanana mno. Mtu amepata amplifaya iliyokaa stoo miaka mingi, ameifuta vumbi, ameichomeka ukutani aone tu kama inawaka, na dakika chache baadaye kuna harufu ya kuungua na transfoma imekufa. Mwingine amenunua valvu mpya za bei kali, amezipachika, na mvumo uko palepale. Wa tatu ameng'oa kila kipande cha ndani na kuweka kipya, kisha anauliza ile sauti iliyomfanya ainunue imekwenda wapi.

Mzizi wa yote matatu ni mpangilio wa kazi. Amplifaya ya zamani haiwashwi kwanza, inafunguliwa kwanza. Vinavyozeeka kwa umri vinabadilishwa, vilivyobaki vinapimwa, na vilivyo vizima vinaachwa. Fuata hatua hizi kwa mfuatano wake.

## Onyo lisilorukwa

Umeme ulio ndani ya amplifaya hizi unaua. Hata ndogo yenye valvu moja ya nguvu (ile inayosukuma spika) mara nyingi huwa na zaidi ya volti 300 za DC ndani yake, na kubwa kama Fender Twin Reverb hupita volti 400. Kapasita za kuchuja (vipande vinavyohifadhi chaji na kulainisha umeme wa DC) huweza kushikilia chaji hiyo hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kwa hiyo: vua pete, saa na mkufu. Usifanye kazi peke yako nyumbani. Unapopima kitu kinachopitisha umeme, tumia mkono mmoja na mwingine uweke mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Kama hujawahi kulehemu wala kusoma multimita, fanya mwenyewe hatua za kununua na za kabati (sanduku la nje), na chasisi (fremu ya chuma yenye saketi) mpelekee fundi anayezijua valvu. Huo ni uamuzi wa mtu makini.

Na kamwe usiiwashe amplifaya ikiwa na valvu za nguvu bila spika kuunganishwa. Transfoma ya kutolea sauti ikikosa mzigo, volti hupanda ghafla ndani yake na kutoboa vihami vya nyaya zake.

## Vifaa vya kuandaa

- Multimita nzuri yenye nyaya za kupimia zinazohimili volti 1000.
- Pasi ya kulehemu ya wati 40 hadi 60, na risasi ya elektroniki ya 60/40 au 63/37. Usitumie dawa ya kulehemea mabomba, ina asidi na itakula nyaya.
- Pampu ya kufyonzea risasi.
- Rezista ya kutolea chaji: kilo-ohmu 10, wati 5, ilehemewe kati ya nyaya mbili zenye vibanio, kisha ifunikwe vizuri kwa mpira.
- Balbu ya kinga: soketi ya balbu iliyounganishwa kwa mfululizo kwenye waya wa moto wa soketi ya umeme. Balbu ziwe za waya unaowaka, za wati 40, 60 na 100. Za LED hazifai.
- Waya wa umeme wenye nyuzi tatu na plagi yenye pini ya ardhi.
- Kapasita mpya (usinunue kabla ya kufungua na kusoma thamani za zilizomo).
- Dawa ya kupuliza ya kusafishia poti (vidhibiti vya kuzungusha, kama cha sauti) na soketi.
- Kijiti kikavu cha mbao.
- Mchoro wa saketi wa modeli yako hasa. Fender, Marshall na Vox za zamani michoro yake inapatikana kwa urahisi. Usianze bila mchoro.
- Simu yenye kamera.

## Hatua ya 1: Chagua inayofaa kujifunzia

Kazi ya kwanza iwe kwenye amplifaya yenye saketi rahisi, iliyounganishwa kwa mkono juu ya ubao wa vitundu. Fender Champ ni mwalimu bora: ina valvu moja ya 12AX7, moja ya 6V6 na rektifaya ya 5Y3 (valvu inayogeuza AC kuwa DC), basi. Princeton na Deluxe Reverb zinafuata kwa ugumu. Fender za kuanzia 1968, zenye uso wa rangi ya fedha, mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko zile za uso mweusi zilizozitangulia, ilhali nyingi saketi zake zinakaribiana sana. Silvertone, ambazo nyingi zilitengenezwa na Danelectro kwa ajili ya maduka ya Sears ya Marekani, nazo ni nzuri na watu huzipuuza.

Vox AC30 ni chombo kitamu, lakini ina valvu nne za EL84 zinazochemka ndani ya nafasi finyu. Iache iwe kazi yako ya tatu au ya nne.

Kuna aina moja ya kukimbia kabisa: amplifaya ndogo zisizo na transfoma ya umeme. Utazitambua kwa majina ya valvu zake, kama 35Z5 na 50C5. Namba hizo za mwanzo ni volti za hita (waya unaoipasha valvu joto), na hita zote zimepangwa mfululizo moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani. Chasisi yake inaweza kuwa na umeme wote wa ukutani, na gitaa lako linaunganishwa humohumo. Bila transfoma ya kutenganisha, usiiguse.

## Hatua ya 2: Ikague kabla ya kutoa pesa

Kama muuzaji anaipiga kila wiki, omba aipige mbele yako. Kama imekaa, mkataze kuiwasha. Wauzaji wema hufikiri wanakusaidia kwa kuichomeka ili uone taa, kumbe hiyo ndiyo dakika inayoua transfoma.

Thamani iko kwenye vitu vitatu: transfoma, spika ya asili, na chasisi isiyotobolewa. Valvu na kapasita ni vitu vya kuisha, kama tairi za gari, visikupandishie wala kukushushia bei sana.

Nusa na utazame transfoma. Harufu kali ya vanishi iliyoungua, karatasi zilizogeuka nyeusi, au nta iliyotiririka ni dalili mbaya.

Tazama fyuzi. Ikiwa imezungushiwa karatasi ya fedha, au namba yake ni kubwa kuliko iliyoandikwa nyuma ya chasisi, kuna mtu aliyekuwa anaficha hitilafu.

Pima transfoma ya kutolea sauti. Fanya hivi tu kwa amplifaya ambayo haijawashwa karibuni, plagi ikiwa nje. Chomoa valvu za nguvu. Kwa 6V6, 6L6 na EL34, anodi (bamba la ndani linalopokea mkondo) iko pini ya 3. Kwa EL84 iko pini ya 7. Kwa amplifaya yenye valvu mbili za nguvu, pima ohmu kati ya anodi za soketi hizo mbili: kwa kawaida utapata kati ya ohmu mia hivi na mia kadhaa. Multimita ikionyesha njia imekatika, transfoma imekufa na bei inapaswa kushuka sana.

Pima spika. Chomoa waya wake kwanza. Spika ya ohmu 8 husoma takriban 6 hadi 7 kwa multimita, na hilo ni sawa. Kisha sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa pande zote. Ikikwaruza, koili imepinda au imeshikwa na uchafu.

Soma namba za kiwandani. Kwenye vifaa vingi vya Marekani, tarakimu tatu za mwanzo ni mtengenezaji: 220 ni spika za Jensen, 465 ni spika za Oxford, 606 ni transfoma za Schumacher, 137 ni poti za CTS. Zinazofuata ni mwaka na wiki. Poti yenye 1376634 ni ya CTS, wiki ya 34 ya mwaka 1966. Namba hizi zinakuambia tarehe ambayo amplifaya haiwezi kuwa imetengenezwa kabla yake. Zikiwa poti ni za 1966 na transfoma ni ya miaka kumi baadaye, transfoma imebadilishwa.

Mwisho, soma volti zilizoandikwa nyuma. Amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani kwa kawaida inataka volti 117 au 120. Ukiichomeka kwenye volti 220 hadi 240 itaungua mara moja. Itahitaji transfoma ya kushusha volti yenye wati za kutosha. Nyingi za Uingereza zina kichaguzi cha volti. Hakikisha kiko mahali sahihi, wala usidhani.

Ukifaulu: umenunua chombo chenye transfoma hai, na unajua kwa majina ni vipande gani si vya asili.

## Hatua ya 3: Picha, kufungua na kutoa chaji

Piga picha nyingi kabla ya kugusa chochote, kila kona, kwa mwanga mzuri. Chomoa valvu moja moja na uandike kila moja ilikuwa soketi ipi. Chomoa spika, kisha toa chasisi.

Sasa chaji. Plagi iko nje. Bana upande mmoja wa rezista yako ya kutolea chaji kwenye chasisi kwanza, kisha upande wa pili kwenye ncha chanya ya kila kapasita ya kuchuja, sekunde 20 kila moja. Kwenye Fender nyingi kubwa za miaka ya 1960 kapasita hizi zimefichwa chini ya kifuniko cha chuma upande wa valvu, kwa hiyo usidanganyike ukaona hazipo ndani ya chasisi.

Pima volti za DC kwenye kila moja. Kabla ya kuamini sifuri, gusa multimita kwenye betri unayojua ni nzima, uhakikishe kwamba multimita yenyewe inafanya kazi. Subiri dakika tano upime tena, maana kapasita hurudisha chaji kidogo zenyewe. Zisome karibu na sifuri ndipo uweke mikono.

Mimi huacha rezista imebanwa pale muda wote wa kazi. Ukifanya hivyo, andika kikaratasi "toa kibanio" na ukibandike kwenye plagi.

## Hatua ya 4: Waya wa umeme na kapasita ya hatari

Amplifaya nyingi za zamani zina waya wa nyuzi mbili, na kapasita moja, mara nyingi ya mikrofaradi 0.047, iliyounganisha upande mmoja wa umeme wa ukutani na chasisi. Kapasita hiyo ikipasuka ndani, chasisi inapata umeme wa ukutani, na kutoka chasisi umeme unapita kwenye kebo hadi nyuzi za gitaa. Mpigaji akigusa maikrofoni yenye ardhi kwa midomo, mzunguko umekamilika.

Itoe. Usiibadilishe na nyingine ya kawaida. Ukishaweka waya wa ardhi, haina kazi tena.

Kisha unganisha waya mpya hivi:

1. Waya wa ardhi ufungwe kwenye boliti yake yenyewe, karibu na pale waya unapoingilia, kwenye chuma kilichokwanguliwa hadi kung'aa, na washa ya meno chini yake. Uache mrefu kuliko wenzake, ili waya mzima ukivutwa kwa nguvu uwe wa mwisho kung'oka.
2. Waya wa moto uende kwenye ncha ya mwisho wa kishikio cha fyuzi, kutoka hapo kwenye swichi, kutoka swichi hadi transfoma.
3. Nyutro iende moja kwa moja kwenye waya wa pili wa transfoma.
4. Weka kizuizi cha kushika waya usivutike.

Rangi hutofautiana: kwenye mfumo wa Ulaya kahawia ni moto, buluu ni nyutro, wa Marekani nyeusi ni moto, nyeupe ni nyutro. Thibitisha kwa multimita kuanzia kwenye pini za plagi.

Ukifaulu: kati ya pini ya ardhi na chasisi unapata chini ya ohmu 1. Kati ya pini ya moto na chasisi, na kati ya nyutro na chasisi, hakuna njia kabisa, swichi ikiwa imewashwa au imezimwa.

## Hatua ya 5: Kapasita za kuchuja

Hapa ndipo penye ufufuaji wenyewe. Ndani ya kapasita ya elektroliti kuna majimaji, na majimaji hukauka. Ikikauka, kwanza unasikia mvumo, kisha umeme unaanza kuvuja ndani yake, na kuvuja huko ndiko kunakopasha moto rektifaya na transfoma. Kapasita ya kuchuja ya miaka hamsini ambayo bado haijaleta mvumo nayo inabadilishwa tu, pamoja na wenzake wote kwa siku moja.

Utasikia ushauri wa kuziamsha polepole kwa kupandisha volti kidogo kidogo. Inawezekana kwa kapasita fulani, lakini sikushauri. Unaweka roho ya transfoma isiyopatikana tena rehani kwa kipande ambacho ni rahisi kununua kipya.

Thamani ya mikrofaradi ibaki ileile au karibu nayo, volti ziwe sawa au zaidi. Usiongeze mikrofaradi ovyo kwenye kapasita ya kwanza baada ya rektifaya ya valvu: GZ34, kwa mfano, kikomo chake ni mikrofaradi 60, na rektifaya ndogo zina vikomo vya chini zaidi. Ukizidisha, mkupuo wa kila unapowasha unaila valvu.

Badilisha pia kapasita ya bayasi (volti inayodhibiti mkondo wa valvu za nguvu) na zile ndogo za kathodi (ncha ya valvu inayotoa elektroni), aghalabu mikrofaradi 25 na volti 25.

Onyo kubwa: kapasita ya bayasi imegeuzwa. Saketi ya bayasi hutoa volti hasi, kwa hiyo upande wa *chanya* wa kapasita ndio unaokwenda kwenye chasisi. Watu wengi huiweka kama nyingine, nayo hupasuka, bayasi inapotea, na valvu za nguvu zinawaka nyekundu. Itazame mara mbili dhidi ya picha na mchoro.

Kwenye Twin Reverb na Super Reverb kuna kapasita mbili zilizofuatana, kila moja ikiwa na rezista ya kilo-ohmu 220 sambamba nayo. Rezista hizo hugawa volti sawasawa kati ya kapasita mbili. Zibadilishe pamoja nazo.

Ikiwa kapasita ya asili ni kopo la chuma lililo juu ya chasisi, unaweza kuliacha mahali pake kwa ajili ya sura na kuficha mpya chini. Lakini ncha zake zote chanya zikatwe kabisa kutoka kwenye saketi.

Kila ulichotoa kitie kwenye kifuko, andika tarehe, kihifadhi ndani ya kabati. Mmiliki ajaye atakushukuru.

## Hatua ya 6: Safisha, pima, na uzuie mkono

Puliza dawa kwenye poti na uzungushe kila moja mara nyingi. Safisha soketi za valvu kwa brashi ndogo, na zile zilizolegea zibane kidogo kwa sindano. Soketi chafu na jeki ya kuingizia gitaa iliyolegea ndizo chanzo cha mikwaruzo mingi ambayo watu huilaumu valvu.

Pima rezista, umeme ukiwa nje. Zile za kaboni za zamani hupanda thamani kwa miaka. Kumbuka kwamba rezista iliyo ndani ya saketi inaweza kusoma chini kuliko ilivyo, kwa sababu multimita inapima na majirani zake. Ikisoma *juu* ya ilivyoandikwa, imepanda kweli. Zilizozidi asilimia 20 zibadilishe, hasa za skrini (gridi ya pili ya valvu ya nguvu), za kathodi na za bayasi.

Zilizobaki ziache, hata kama ni za zamani na sura yake inatia shaka. Vivyo hivyo kapasita za kupitisha sauti, zile za buluu, njano au kahawia zilizopangwa kwenye ubao. Nyingi bado ni nzima, na tutazijaribu kwenye hatua inayofuata. Naumia kuona ubao wa Fender uliong'olewa wote na kujazwa vipande vipya bila kipimo hata kimoja. Hakuna anayeweza tena kujua amplifaya ile ilisikikaje.

## Hatua ya 7: Washa kupitia balbu ya kinga

Toa kibanio cha kutolea chaji. Chomeka amplifaya kwenye balbu ya kinga, anza na balbu ya wati 40, bila valvu hata moja.

Washa. Balbu imulike kidogo kisha ififie au izime. Ikibaki inang'aa kwa nguvu, kuna shoti: zima, chomoa, toa chaji, rudi kwenye waya za transfoma na kapasita ulizoweka.

Ikififia, pima mambo mawili. Hita ziwe karibu na volti 6.3 za AC. Na kama amplifaya ina bayasi ya kudumu (volti hasi inayotoka kwenye saketi yake yenyewe), pini ya 5 ya kila soketi ya 6V6, 6L6 au EL34 iwe na volti hasi, kwa kawaida kati ya 30 na 55 hasi. Pasipo volti hiyo hasi, valvu za nguvu hazipachikwi, hata kwa sekunde moja.

Pachika rektifaya kama ipo. Subiri, tazama balbu. Sasa kuna volti kubwa ndani. Pima kwenye kapasita ya kwanza. Zitakuwa juu kuliko mchoro unavyosema kwa sababu hakuna mzigo, lakini zisipite kiwango kilichoandikwa kwenye kapasita.

Sasa jaribu kapasita za kupitisha sauti. Pima tena pini ya 5 za soketi za nguvu. Kwenye bayasi ya kudumu, pande zote mbili zisome volti hasi zilezile. Upande mmoja ukiwa umepungua uhasi wake, au umevuka kuwa chanya, kapasita inayoulisha inavuja: ibadilishe hiyo, na pacha wake. Kwenye amplifaya zenye bayasi ya kathodi, kama Champ, pini hiyo isome sifuri.

Gusa pia ncha moja ya multimita kwenye ubao mtupu, mbali na vitundu. Ubao wa karatasi ngumu wa Fender hunyonya unyevu na kuanza kupitisha umeme. Ukisoma volti kadhaa pale, zima, toa chaji, ukaushe kwa hewa ya moto ya mashine ya nywele, upime upya.

Pachika valvu ndogo (12AX7 na wenzake). Unganisha spika. Weka balbu ya wati 100, kisha pachika valvu za nguvu. Balbu itawaka kwa mwanga hafifu, na hiyo ni kawaida. Zikae dakika kumi huku ukizitazama. Zikipita salama, ondoa balbu ya kinga na uchomeke ukutani.

Ukifaulu: hakuna moshi, hakuna bamba jekundu ndani ya valvu za nguvu, na volti zinakaribia zile za mchoro.

## Hatua ya 8: Rekebisha bayasi

Bayasi huamua mkondo unaopita kwenye valvu za nguvu zikiwa zimetulia. Ukiwa mkubwa, valvu zinaungua. Ukiwa mdogo mno, sauti inakuwa nyembamba na kavu.

Njia salama ni kuweka rezista ya ohmu 1 kati ya kathodi ya kila valvu na chasisi. Milivolti unazosoma pale ni miliampea zinazopita. Kikomo cha anodi cha 6L6GC ni wati 30, cha EL34 ni 25, cha 6V6GT na EL84 ni 12. Lenga karibu asilimia 70 ya kikomo.

Mfano: 6L6GC yenye volti 440 kwenye anodi. Asilimia 70 ya wati 30 ni wati 21. Gawa 21 kwa 440, unapata takriban miliampea 48. Kwa 6V6GT kwenye volti 410, wati 8.4 gawa kwa 410 ni karibu miliampea 20. Kipimo cha kathodi kinajumuisha pia mkondo mdogo wa skrini, kwa hiyo hesabu yako iko upande wa usalama.

Fender nyingi zenye uso mweusi na bayasi ya kudumu zina poti ya bayasi ndani ya chasisi. Baadhi ya zile za baadaye, poti hiyo inasawazisha valvu mbili tu na haipandishi wala kushusha mkondo wa zote; isome kwenye mchoro kabla ya kuizungusha. Champ na wenzake wa bayasi ya kathodi hawana poti, hujirekebisha wenyewe, na kwa asili yao hukimbia karibu na kikomo.

## Hatua ya 9: Sikiliza na ufuate dalili

Chomeka gitaa. Piga dakika thelathini kwa sauti ya wastani.

Mvumo usiobadilika ukizungusha kitufe cha sauti unatoka kwenye umeme au valvu za nguvu zisizolingana. Mvumo unaopanda na kushuka na kitufe unatoka mbele, kwenye valvu ndogo, jeki au gitaa lenyewe.

Mikwaruzo kama mafuta yanayokaanga, gitaa likiwa halijachomekwa, mara nyingi ni rezista ya anodi ya kilo-ohmu 100. Chomoa valvu ndogo moja moja kutokea mbele. Ile ambayo kelele inakoma ukiitoa, rezista zake ndizo za kushuku.

Gonga kila valvu ndogo polepole kwa kijiti. Mlio hafifu ni kawaida. Valvu inayolia kama kengele na kuendelea, ihamishe mahali pasipo na ukuzaji mwingi au uitupe.

Mwanga wa buluu unaokaa kwenye kioo cha valvu ya nguvu hauna ubaya. Ukungu wa zambarau uliojaa katikati ya vyuma vya ndani maana yake gesi imeingia. Doa la fedha juu ya kioo likigeuka jeupe, valvu imepasuka na hewa imejaa. Bamba likiwa jekundu, zima papo hapo: bayasi imepotea au kapasita inavuja.

## Hatua ya 10: Spika na kabati

Mpasuko mdogo kwenye koni unazibwa kwa kipande cha karatasi nyembamba na gundi inayobaki laini. Usikimbilie kuibadilisha spika ya asili, hata ikiwa imechoka. Ifungie na uweke ya kisasa ya kupigia, lakini ohmu ziwe zilezile na wati zitoshe.

Kitambaa cha nje kioshwe kwa maji yenye sabuni kidogo na brashi laini, na mahali palipobanduka pabandikwe kwa gundi ya ngozi. Usipake rangi. Baadhi ya kabati za zamani zina shiti la kijivu la kuzuia joto juu ya valvu, ambalo linaweza kuwa na asbesto. Usilikwangue wala kulipiga msasa. Liache lilivyo, au mwite mtu mwenye vifaa vya kuliondoa.

Kabla ya kufunga chasisi, andika kwenye karatasi tarehe, volti za anodi, miliampea za kila valvu ya nguvu na vipande ulivyobadilisha, uibandike ndani ya kabati mbali na valvu. Pima bayasi upya baada ya saa ishirini hivi za kupiga, kwani valvu mpya husogea kidogo mwanzoni, na baada ya hapo ni kila unapobadilisha valvu za nguvu.